Vuli, Ajali na Neno Nusura

Mfasiri anayepewa tangazo la usalama kazini kutoka Uingereza au Kanada hukwama kwenye neno la kwanza kabisa, kabla hajafika kwenye viatu wala taa. Tangazo linahusu miezi ya Septemba, Oktoba na Novemba, wakati majani yanabadilika rangi na kuanguka, siku zinafupika na baridi inabisha hodi. Msimu huo tuuiteje? Wengi huandika "vuli" wakasonga mbele. Wachache, hasa waliokulia pwani, huandika "demani". Wengine huzunguka kwa maneno mengi: "majira ya majani kupukutika". Nimeyapima yote matatu, na sioni kuwa ni suala la ladha tu. Atakayelisoma tangazo hilo ni mfanyakazi wa ghala, mfagizi, dereva au mhudumu wa wazee aliyezaliwa Tanga au Uvira, na sasa anatoka nyumbani kungali giza katika mji ambao lami yake imelowa miezi mitatu mfululizo.

Vuli ni mvua. Ni mvua za Oktoba hadi Desemba, fupi kuliko masika na zisizoaminika kiasi cha masika. Mkulima wa Korogwe akisikia vuli anawaza jembe na mbegu. Dereva wa bodaboda anawaza tope, na mchimba msingi anawaza kingo za mtaro zinazomeguka. Vuli yetu huleta majani, ilhali msimu ule wa kaskazini huyaondoa. Miezi inakaribiana kwenye kalenda, lakini picha inayomjia msomaji kichwani inakwenda kinyume na kile kilicho mbele ya miguu yake.

Demani ni neno zuri kuliko yote. Katika hesabu ya pwani ni kipindi ambacho kusi imelegea na bahari imetulia, kabla kaskazi haijaingia. Kwa mabaharia neno hilohilo ni upande wa chombo usioelekea upepo, kinyume cha joshini. Mvuvi wa Lamu asemapo demani ametaja nafuu. Lakini anachotaka kuonya mfasiri ni kwamba nafuu imekwisha: joto linaondoka, mwanga unaondoka, sakafu zinaanza kulowa. Kuliweka neno la utulivu juu ya tangazo la hatari ni kumvua msomaji tahadhari kabla hajafika mstari wa pili.

Limebaki lile refu, na hilo ndilo nalichagua, ingawa linabana kwenye bango. Kupukutika si kuanguka kwa kimoja. Ni kuanguka kwa vidogo vingi, kwa kufuatana, bila kukoma. Mfagizi wa bustani ya hospitali anafagia njia asubuhi na adhuhuri imeshafunikwa tena. Kitenzi kimeshamwambia msimamizi kwamba kufagia mara moja kwa siku hakutoshi. Jina la msimu likibeba hatari yake ndani, nusu ya onyo imekwishatolewa.

Anayedhani ninalikuza jani kupita kiasi na atazame reli za Uingereza. Jani likianguka relini, magurudumu hulikandamiza pamoja na unyevu mpaka linakuwa utando mweusi, mgumu, ulioshikamana na chuma. Utando huo ukipata manyunyu, gurudumu hukosa mshiko. Tarehe 31 Oktoba 2021 ilikuwa Jumapili, na alfajiri ya siku hiyo saa zilikuwa zimerudishwa nyuma kwa ajili ya majira ya baridi. Jioni, treni iliyotoka London ilikuwa inakaribia makutano ya reli karibu na Salisbury. Dereva alifunga breki, treni ikaserereka, ikaipita taa nyekundu na kuigonga treni nyingine karibu na handaki la Fisherton. Abiria kadhaa walipelekwa hospitali, na dereva, ambaye pale alikuwa kazini kwake, aliumia vibaya sana. Wachunguzi walitaja mshiko hafifu kati ya gurudumu na reli, uliosababishwa na mabaki ya majani pamoja na manyunyu, na walitaja pia miti iliyoachwa ikue kando ya njia. Jani hilohilo ambalo watalii hulipiga picha!

Nimeandika "ikaserereka" kwa makusudi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa vitenzi vya mwili na chombo kupoteza msimamo, na ofisi nyingi za usalama zinauacha utajiri huo nje ya mlango. Kuteleza ni mguu kukosa mshiko. Kujikwaa ni mguu kukutana na kitu. Kuserereka ni kwenda bila kusimama hata baada ya kutaka kusimama. Kuporomoka ni kushuka kutoka juu, mara nyingi pamoja na kile ulichokuwa umekikanyaga. Katika Uingereza, karibu theluthi ya majeraha yasiyoua ambayo waajiri huyaripoti hutokana na watu kuteleza, kujikwaa au kuanguka palepale waliposimama, si kutoka kwenye jukwaa wala paa. Fomu ikiandikwa "mfanyakazi ameanguka", tumejua mwisho bila kujua mwanzo. Ikiandikwa "ameteleza", macho yanakwenda sakafuni, kwenye majani, kwenye soli ya kiatu. Ikiandikwa "amejikwaa", yanakwenda kwenye waya, kwenye kidato kilichovunjika, kwenye balbu iliyoungua. Kitenzi sahihi ni nusu ya uchunguzi, na mfanyakazi anacho tayari mdomoni. Kosa ni la karani anayemfutia kitenzi chake na kuandika "anguko".

Saa nayo inahitaji uangalifu, na hapa Kiswahili kinadai zaidi kuliko lugha nyingine ninazozijua. Hesabu yetu ya saa imesimama juu ya jua. Saa kumi na mbili asubuhi kunapambazuka, saa kumi na mbili jioni jua linakuchwa, na karibu na ikweta mpango huo hautikisiki sana mwaka mzima. Kwa hiyo majina ya saa yamebeba mwanga ndani yake. Mwambie mtu wa Morogoro "saa kumi jioni" naye ataona jua la kutosha, watoto wakicheza mpira. Mwishoni mwa Novemba mjini Leeds, saa kumi jioni jua limeshazama. Tangazo linalosema "vaa reflekta jioni" limemweleza mfanyakazi mgeni avae kitu wakati ambao, kwa lugha yake, bado ni kweupe. Namna bora ni kuiacha saa na kushika mwanga: vaa reflekta taa za barabarani zinapowaka, na uwe nayo mwilini tangu unatoka nyumbani asubuhi, kwa kuwa kutakuwa bado hakujapambazuka.

Na reflekta ibaki reflekta. Nimeona "fulana akisi mwanga" katika tafsiri fulani, na ninaheshimu jasho la aliyelitunga, lakini waendesha bodaboda wa Mwanza na Kisumu walishalimaliza suala hilo zamani. Neno ambalo mtu amelivaa halihitaji mbadala.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe ambalo usalama wote unapigana nalo: ajali.

Asili yake ni Kiarabu, *ajal*, muda uliowekwa, mwisho uliokwisha kupangwa. Kamusi za zamani za Kiswahili ziliieleza ajali kwa maana ya kudra na saa ya kufa, na hata leo katika mazungumzo ya msibani utasikia "ajali yake ilikuwa imefika" pasipo gari wala mashine kutajwa. Maana ya tukio la ghafla linaloumiza ilipanda juu ya ile ya kwanza, na ile ya kwanza haikuondoka. Ndiyo maana methali inasema ajali haina kinga. Ukiisoma kwa maana ya zamani ni methali ya kweli na ya unyenyekevu: siku ya mtu ikifika, imefika. Ukiisoma mbele ya ngazi iliyojaa majani mabichi, inakuwa udhuru wa msimamizi.

Wala si Waswahili pekee wanaosumbuliwa na jambo hili. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilitangaza kwamba litaliondoa neno la Kiingereza lenye maana ya ajali katika kurasa zake, kwa hoja kwamba majeraha mengi na matukio yanayoyasababisha yanaweza kutabirika na kuzuilika. Sitaki Kiswahili kichukue njia hiyo. Sheria zetu, bima zetu na vinywa vyetu vimeshalijenga neno, na kumkataza mama aliyefiwa na mwanawe kiwandani asiseme "ajali" ni ukatili. Ninachotaka ni kwamba ajali isiwe neno la kwanza kuandikwa. Litangulie jingine, linalotaja kitu kilichokuwepo kabla ya mtu kuumia.

Neno hilo tunalo: kihatarishi. Tanzania, ambako Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, wakaguzi na wakufunzi wamelisambaza mpaka kwenye karakana. Linanifurahisha kwa jinsi lilivyoundwa. Hatari ikaitwa itende, ikawa hatarisha, kisha ikavishwa *ki-* na kuwa kitu. Ni kitu kinachofanya jambo. Jani lililolowa kwenye ngazi halijamdhuru mtu yeyote, lakini limeshapata jina. Tatizo ni kwamba neno hilohilo sasa linabebeshwa mizigo miwili. Wahasibu na wapangaji wanasema "usimamizi wa vihatarishi" wakimaanisha uwezekano wa hasara, huku mkaguzi wa kiwanda akimaanisha kitu kinachoonekana kwa macho. Ningependa kihatarishi kibaki kuwa kitu, na hatari iwe ni kipimo cha jinsi kitu hicho kinavyoweza kuumiza, nani, na kwa kiasi gani. Majani kwenye uchochoro usiopitiwa na mtu ni kihatarishi chenye hatari ndogo. Majani yaleyale kwenye mlango ambao manesi mia moja wanautumia wakati wa kubadilishana zamu ni kihatarishi kilekile, hatari nyingine kabisa. Tofauti hiyo ndiyo inayomwambia mfagizi aanzie wapi.

Kuna majina mengine yanayoificha hatari badala ya kuionyesha, na msimu wa mavuno wa kaskazini unayafichua. Katika Iowa na Illinois, Septemba hadi Novemba ni wakati wa kuvuna mahindi na soya na kuyaweka kwenye mapipa makubwa ya chuma. Marekani imekuwa na wiki yake ya kitaifa ya usalama wa mashambani tangu 1944, siku hizi kila Septemba, na moja ya maonyo yake makubwa ni hili: usiingie kwenye pipa la nafaka wakati nafaka inatolewa chini. Nafaka inayotembea humnyonya mtu kama mchanga didimizi. Ndani ya sekunde chache magoti hayaonekani, na baada ya hapo hata wanaume kadhaa hawawezi kumvuta. Sisi mapipa hayo tumeyaita vihenge vya kisasa, na hivyo ndivyo yanavyoitwa katika miradi ya hifadhi ya chakula nchini Tanzania. Kihenge cha bibi kilifumwa kwa fito na kukandikwa udongo, mtoto akitumbukia anatolewa kwa mkono mmoja. Neno limekua hadi maelfu ya tani, lakini hofu haikukua pamoja nalo. Sipendekezi jina jipya. Napendekeza kwamba palipoandikwa kihenge pasikosekane kitenzi chake, kudidimia, kwa herufi kubwa, kwenye kila ngazi ya kuingilia.

Moshi ni mfano mchungu zaidi. Baridi ikianza, vipasha joto vinawashwa baada ya miezi ya kulala, majenereta yanaingizwa ndani, madirisha yanafungwa. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Tukio la namna hiyo likitokea kwetu, mlinzi aliyelala na jiko la mkaa kibandani Arusha au Limuru, tunasema "ameuawa na moshi wa mkaa". Lakini jiko likishakolea halitoi moshi unaoonekana, na hapo ndipo watu huliona salama na kuliingiza ndani. Neno "moshi" limewafundisha wasubiri kitu ambacho hakitakuja. "Hewa ukaa" nayo haifai, kwa kuwa imekwishachukuliwa na wanaozungumzia misitu na mabadiliko ya tabianchi, wakimaanisha gesi nyingine. Mpaka lipatikane jina zuri zaidi, ningeandika "sumu ya jiko isiyoonekana", kisha nitaje dalili: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu wa Goma na mtu wa Lindi wataelewa bila kamusi.

Kinga nalo ni neno la kuangaliwa. Kukinga ni kuweka kitu kati yako na kinachokuja, na pia ni kutega chombo kipokee maji ya mvua. Kwa vyovyote, kinachokuja kinaachwa kije. Vifaa kinga, yaani buti, glavu, kofia ngumu, ni hivyo hivyo: vinakubali kwamba kihatarishi kipo na vinasimama mbele ya mwili. Wataalamu wa usalama huviweka mwisho. Kwanza ondoa kihatarishi, ukishindwa kibadilishe, ukishindwa kitenge na watu, kisha panga kazi upya, na mwisho ndipo umvalishe mtu. Kwa Kiswahili tumezoea kuanza na kinga kwa sababu neno lenyewe ni jepesi na kifaa kinaonekana kwenye picha. Nimeona ukaguzi ukimalizika kwa furaha kwa kuwa kila mtu alikuwa na buti, ilhali ngazi ile ile ilikuwa haijafagiwa na taa yake haiwaki. Kuondoa hakujapata nomino inayopendeza kama kinga, nami naona ni vizuri kubaki kitenzi: ondoa majani, ondoa giza.

Nani basi aambiwe kwamba taa haiwaki? Afisa usalama. Hapa kuna kikwazo ambacho wanaotunga mabango wanakipita bila kukitazama. Kiswahili hakitenganishi usalama wa kutoumia na usalama wa ulinzi. Mtanzania akisikia "mtu wa usalama" anapunguza sauti, na mgeni aliyefika Ulaya au Marekani kama mkimbizi kutoka mashariki ya Kongo ana sababu nzito zaidi ya kunyamaza mbele ya cheo hicho. Unamtaka akusimulie alivyokaribia kuanguka, na umempa jina la mtu wa kuogopwa. Kuongeza "na afya" baada ya "usalama" si urefu wa bure. Afisa usalama na afya ni mtu unayeweza kumwonyesha goti lako.

Na kile alichokaribia kukipata kina jina, ambalo limekuwa likitusubiri kwenye sarufi. Tunasema "nusura nianguke", "nusura agongwe". Neno ni la ukoo mmoja na kunusurika, kutoka neno la Kiarabu lenye maana ya msaada na ushindi. Mara nyingi hutumika kama kielezi, mwanzoni mwa sentensi, kisha linaachwa. Wataalamu wa usalama wanahangaika na "tukio karibu na ajali", "ajali pungufu", na mengine ambayo hakuna mtu wa karakana atakayeyatamka. Liwe nomino: nusura, nusura hii, nusura hizi. "Wiki hii tumepata nusura tatu kwenye mlango wa nyuma." Sikio halikatai.

Mwaka 1931 Mmarekani Herbert William Heinrich, aliyefanya kazi katika kampuni ya bima, aliandika kwamba nyuma ya kila jeraha kubwa moja kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyoumiza mtu. Hesabu yake imepingwa sana tangu hapo, lakini jambo alilolionyesha halijapingwa: mengi yanatangulia, na hayaandikwi kwa kuwa hakuna damu. Waswahili tulisema kuteleza si kuanguka, tukimfariji aliyekosea. Kazini methali hiyo ni ya kweli neno kwa neno. Kuteleza ni habari iliyofika mapema, siku moja au wiki moja kabla ya kuanguka, na kwa kawaida anayeipata huipeleka kwa wenzake wakati wa chai, wakacheka, ikaishia hapo.

Fomu ya nusura haihitaji kurasa. Inahitaji nafasi nne: wapi; mwanga ulikuwaje, si saa peke yake; kitenzi alichokisema mwenyewe mfanyakazi, bila kusahihishwa, awe amesema ameteleza, amejikwaa au ameserereka, na akisema kwa Kiswahili cha Bukavu kiandikwe hivyohivyo; na nani ameondoa kihatarishi, tarehe gani. Nafasi ya nne ijazwe na msimamizi kwa jina lake, kabla ya zamu inayofuata kuingia.